Mshiriki Aliyeandikwa TECNO SPARK

Mwalimu wa kisa hiki alikuwa mtu mwema, na ndiyo sababu kisa chake kinafaa kusimuliwa. Angekuwa mvivu au mkatili, tungemcheka na kupita. Huyu alikuwa msomi mwenye bidii, mwenye huruma pia, na bado aliwafelisha karibu nusu ya wanafunzi wake kwa kosa ambalo hawakulifanya. Msimtafute mjini wala kwenye orodha ya chuo chochote. Nimemuunda mwenyewe, yeye na wanafunzi wake. Mji waliomo na mambo yaliyowakuta humo, hayo sikuyaunda.

Alikuwa akifundisha sheria ya ardhi Bukavu, mashariki mwa Kongo. Februari 2025 wapiganaji wa AFC/M23 waliuchukua uwanja wa ndege wa Kavumu, na Jumapili ya tarehe 16 wakaushika mji wenyewe. Makumi ya maelfu ya watu walikimbia, wengi wao wakishuka bondeni kuelekea Uvira au kuvuka mto Ruzizi na kuingia Burundi. Benki zilifunga milango. Mwalimu alijikuta Bujumbura na begi moja na kompyuta yake. Darasa lake la watu 36 lilitawanyika: wengi walibaki Bukavu, wengine walifika Kampala kwa shangazi na wajomba, wengine Uvira na Kinshasa, mmoja Nairobi. Ilipoamuliwa kwamba mwaka wa masomo usipotee, alifanya alichoweza kufanya, akafungua darasa la video.

Mtu asiyeijua Bukavu angedhani kinachomtenganisha mwanafunzi wa Kampala na mwenzake wa mtaa wa Kadutu, Bukavu, ni bidii tu. Mji umekaa juu ya vilima na rasi zinazoingia Ziwa Kivu, na mtandao nao hupanda na kushuka na vilima hivyo. Ukiwa Nguba au Muhumba, kando ya maji, simu yako inanasa hata minara ya Rwanda, ndiyo maana wengi wa huko wana laini 2. Kadutu nyumba zimebanana, watu ni wengi, na jioni kila mtu yuko hewani. Umeme unatoka karibu kabisa, kwenye mabwawa ya mto Ruzizi: la kwanza ni la mwishoni mwa miaka ya 1950, la pili ni la mwaka 1989 na Kongo inaligawana na Rwanda na Burundi. Lakini ujirani na bwawa haujawahi kuwa ahadi ya taa. Mtaa huu leo, mtaa ule kesho. Tena mega zinanunuliwa. Saa 1 ya video ya kikundi hula takriban gigabaiti 1, pengine zaidi, ilhali sauti peke yake hula sehemu ndogo sana ya hiyo. Mwanafunzi ambaye nyumbani kwao akiba imefungiwa benki huingia darasani akiwa amezima kamera, na hakuna haja ya kumuuliza sababu.

Siku za mwanzo mwalimu alifundisha wote pamoja, na mambo yakawa kama yalivyo kila mahali: wanazungumza watu 3, wengine 33 ni majina kwenye kioo. Ndipo akakumbuka vyumba vidogo. Programu za mikutano ya video zina kitufe cha kuligawa darasa. Zoom ilikuwa nacho miaka kadhaa kabla ya korona, na Google Meet na Microsoft Teams zilikiongeza mwishoni mwa 2020, baada ya walimu wa dunia nzima kukililia. Unachagua idadi ya vyumba, programu inawagawa watu yenyewe, kila kundi linajikuta peke yake bila kuwasikia wengine, na muda ukiisha wote wanarudishwa ukumbini. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, na nataka niseme hivyo kabla sijamlaumu. Mwanafunzi anayeogopa kusema mbele ya watu 36 aghalabu husema mbele ya watu 5. Nimeona wanafunzi waliokaa bubu mwaka mzima wakifunguka siku walipokaa watatu watatu.

Basi akafungua vyumba 6, watu 6 kila kimoja, dakika 20. Kila wiki aliiacha programu iwachanganye upya, ili wazoeane, kama alivyosema. Kitufe kilikuwa kimoja, na kilimpendeza.

Kuna jambo ambalo kitufe hakimwambii mwalimu, nalo ni kwamba yeye bado ni mtu mmoja. Akiwa chumba cha 1 hasikii kinachosemwa katika vile vingine 5. Rekodi ya darasa kuu haiingii vyumbani. Maneno yaliyoandikwa chumbani hubaki humo humo. Na anayekatikiwa na mtandao, akirudi, mara nyingi hutua kwanza kwenye ukumbi mkuu, ambao wakati huo ni mtupu, kwa kuwa mwalimu naye yumo ndani ya chumba fulani. Mwalimu wetu aliingia chumba cha 1 wiki ya kwanza. Wiki ya pili pia. Akiulizwa kwa nini, angesema hajui. Mimi najua: ndicho kilichokuwa juu kwenye orodha. Alikaa humo kwa raha, akisikiliza mabishano mazuri, na dakika 20 zikaisha.

Zoezi lenyewe lilikuwa zuri mno, na hapo ndipo mkasa ulipoanzia. Lilihusu mjane wa Kabare. Shamba analolima lilipatikana na babu wa mumewe kwa kalinzi, yaani ng'ombe aliyetolewa kwa chifu mbele ya mashahidi, mila ya watu wa Bashi inayompa mtu haki ya kukaa juu ya udongo yeye na kizazi chake. Kalinzi si sawa na bwasa, ambapo mtu hukodishwa kipande kwa muda na haruhusiwi kupanda migomba, maana mgomba hukaa miaka na anayeupanda ataanza kusema pamekuwa pake. Sasa mtu wa mjini amefika na cheti cha usajili kutoka ofisi ya serikali, chenye mhuri, anasema shamba ni lake.

Swali la kwanza liliuliza sheria inasemaje. Hilo ni la vitabuni: sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliufanya udongo wote wa nchi kuwa mali ya Dola, na kuhusu ardhi za jamii za vijijini ikaahidi kwamba amri ya rais itakuja kuzipanga. Miongo ikapita na watu wakazeeka wakiisubiri amri hiyo. Swali la pili liliuliza mila inasemaje, na mjane ana neno gani ndani ya mila hiyo. Swali la tatu mwalimu aliliandika usiku, akijivunia ukali wake: mjane akitaka leo kuiandikisha haki yake, apeleke karatasi kwa nani, na mhuri wa nani utatambuliwa kesho?

Darasani Bujumbura hilo ni swali la sheria. Ukiwa Bukavu mwaka ule, ukilijibu kwa sauti, umeshasema mji ni wa nani.

Katika chumba cha 5 wiki hiyo walikuwemo watu 6: wanne wako Bukavu, mmoja Uvira, na wa sita ameandikwa TECNO SPARK. Simu nyingi hufanya hivyo. Mwenyewe asipoandika jina lake, programu humtambulisha kwa jina la simu, na Tecno zimejaa mjini. Kwa kawaida ni jambo la kuchekesha. Msichana mmoja aliuliza kwa adabu, "Samahani, TECNO SPARK ni nani?" Hakujibiwa. Maikrofoni ilikuwa imezimwa, kamera imezimwa. Akasubiri. Kisha akasema, "Basi tuanze na swali la kwanza." Wakaanza na swali la kwanza, wakalirudia, wakalitazama tena. La tatu hawakuligusa. Waliporudi ukumbini, msemaji wao alisema, "Prof, muda haukutosha."

Usiku ule neno likapita. Kwenye kundi la WhatsApp la darasa halikuandikwa, kwa kuwa nalo lilikuwa na namba ambazo hakuna aliyezijua. Lilipita simu kwa simu: yule akiwa chumbani kwenu, nyamazeni.

Kuanzia hapo ukimya ukawa unahama. Wiki hii chumba cha 2, wiki ijayo cha 6, kisha cha 3. Programu ilikuwa inawachanganya watu kama ilivyoagizwa, na kila ilipomtupa TECNO SPARK, chumba hicho kilikufa. Mwalimu aliona matokeo tu. Aliona pia kwamba walioko Kampala wanasema kila kitu, wanataja wakubwa kwa majina, wanacheka, na wanalijibu swali la tatu kwa mbwembwe. Aliona kwamba walioko Bukavu wanajibu kwa maneno manne manne. Akaandika kwenye daftari lake kwamba waliotoka wameamka na waliobaki wamelala.

Alikuwa na sababu za kisomi za kuamini hivyo. Alikuwa amesoma habari za Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, aliyewapanga wanaume wavute kamba, mmoja mmoja kisha kwa makundi, na mwaka 1913 akachapisha alichokipata: kundi likikua, kila mtu anavuta pungufu. Wakiwa 8, kila mmoja hutoa takriban nusu ya nguvu anayoitoa akiwa peke yake. Waliomfuata wakaeleza kwamba sehemu ya upungufu huo ni watu kutoshikana vizuri, na sehemu nyingine ni mtu kujificha nyuma ya wenzake. Wala Bukavu haikumhitaji Mfaransa kulijua hilo. Kila aliyepita chuoni anazijua TP, yaani kazi za kikundi: mmoja anaandika, wengine wanaleta majina yao, na siku ya kuchapisha ndipo wote wanaonekana wakichanga pesa za karatasi. Mwalimu alipokutana na vyumba vilivyonyamaza, jibu lilikuwa tayari mfukoni. Uvivu wa kundi.

Ila Ringelmann alikuwa amesimama pale pale uwanjani. Aliwaona wanaume wake, na kamba yake ilikuwa na kipimo. Mwalimu wetu alikuwa chumba cha 1.

Mwisho wa muhula akatoa alama. Kati ya 20 za somo, 5 alizitenga kwa ajili ya ushiriki, na ushiriki akaupima kwa yale ambayo kila kundi lilileta ukumbini. Wanafunzi 17 walianguka chini ya 10. Kati yao 15 walikuwa Bukavu. Alisikitika, kwa kweli alisikitika, na alituma orodha.

Kiongozi wa darasa, yule wanayemwita CP, alikuwa msichana anayekaa Panzi. Alingoja siku chache, akapiga simu usiku.

"Jambo, Prof. Habari za huko?"

"Nzuri, CP. Alama mmeziona?"

"Tumeziona, Prof. Ndiyo maana sikutaka tuongee kwenye kundi. Unisamehe, nina jambo la kuuliza. Zile wiki zote, wewe ulikuwa chumba gani?"

Mwalimu alinyamaza. CP hakungoja jibu, alifungua daftari. Alikuwa na tabia, aliyoipata kwa mama yake anayeuza dukani, ya kuandika kila kitu. Aliandika kila wiki nani yuko chumba gani. Akasoma: wiki ile chumba cha 5, iliyofuata cha 2, kisha cha 6, kisha cha 3. Akasoma majina ya waliokuwamo. Mwishoni mwa kila safu alikuwa ameandika maneno mawili yale yale.

"Tulikuwa tunaogopa, Prof. Hatukujua ni nani. Na hatukuweza kukuandikia pale pale, kwa sababu naye angesoma."

Baada ya simu ile mwalimu alifanya hesabu ambayo angeweza kuifanya siku ya kwanza. Darasa lina watu 36. Programu ilikuwa inahesabu washiriki 36 karibu kila wiki, mwalimu mwenyewe akiwekwa kando, na mgeni hakuna. Katika daftari la mahudhurio, kijana mmoja wa Kabare alikuwa amewekewa alama ya kutokuwepo tangu mwanzo mpaka mwisho. Kwa hiyo kulikuwa na mwanafunzi 1 ambaye hakuwahi kuonekana, na mshiriki 1 ambaye hakuwa na jina. Muhula mzima mwalimu alikuwa ameshika vitu vyote viwili mkononi na hakuwahi kuviweka pamoja.

Simu ilikuwa ya mama mdogo wa kijana huyo, anayeuza samaki wa sambaza soko la Kadutu. Simu ya kijana ilikuwa imepotea Februari, siku zile ambazo vitu vingi vilipotea. Wenzake walidhani amevuka kwenda Burundi. Kiungo cha darasa alikipata kwa jirani wa mwaka mwingine, na kwenye kundi la WhatsApp hakuwemo kabisa. Mama mdogo alimpa simu baada ya wateja wa jioni kupungua, kwa hiyo kila mara alichelewa. Siku ya kwanza mwalimu alipowaambia watu waandike majina yao, yeye alikuwa bado hajafika. Maikrofoni aliizima kwa sababu ya kelele za soko. Msichana alipouliza TECNO SPARK ni nani, alihangaika kuitafuta sehemu ya kuandika, akaandika jina lake, mtandao ukakatika kabla hajalituma. Alipofanikiwa kurudi alitua ukumbi mkuu. Hapakuwa na mtu. Alikaa peke yake akilitazama jina la somo mpaka muda ukaisha. Wiki zilizofuata hakuuliza tena wala kuulizwa. Kila chumba alichotupwa kilinyamaza, naye akaelewa anavyoweza kuelewa mtu yeyote: kwamba wenzake hawamtaki.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya alama. Bibi wa kijana huyo ni mjane, na shamba lake ni la kalinzi. Kijana akiwa mtoto alikaa chini barazani akisikiliza wazee wakibishana kama ng'ombe aliyetolewa alikuwa mzima au mgonjwa, na kama shahidi wa mwisho aliyebaki hai ana akili timamu. Swali la pili, ambalo darasa zima liliokoteza majibu yake vitabuni, yeye aliliishi. Mwalimu alikuwa na shahidi darasani na akamwekea sifuri ya kutokuwepo.

Hakukuwa na mpelelezi, basi. Lakini asinijie mtu kuniambia kwamba waliogopa bure. Mtu anayeishi katika mji uliobadilisha mikono juzi, asiyejua sauti yake inafika wapi, akiamua kunyamaza, ametumia akili. Waliojifanya hodari walikuwa Kampala, na ushujaa wa Kampala ni wa bei nafuu. Hata yule aliyewataja wakubwa kwa majina hakujiuliza ni nani mwingine yumo chumbani na anakaa wapi. Mwalimu alipompa 5 kati ya 5, alikuwa anawafundisha wengine kwamba uzembe huo unalipwa.

Alirudi kwenye kitivo kuomba orodha ifunguliwe. Baraza la mitihani lilikuwa limeshakaa na karatasi zimetiwa saini. Waliofeli waliruhusiwa mtihani wa marudio. Kijana wa Kabare hakuruhusiwa, kwa kuwa kanuni inasema asiyehudhuria hafanyi marudio, na kwenye karatasi hakuhudhuria.

Muhula uliofuata mwalimu alifundisha tofauti, na sehemu hii naieleza kwa walimu wenzake kuliko kwa wasomaji wengine. Kwanza aliacha kuwachanganya. Makundi aliyaunda mara moja, watu wanne wanne, akimuuliza kila mmoja kwa faragha kama anao wenzake anaowaamini, na yakabaki hayo mpaka mwisho. Kabla ya kufungua vyumba aliita majina kwa sauti, na aliyekuja na jina la simu hakutoka ukumbini mpaka ajitambulishe, kwa sauti au kwa maandishi au kwa kumpigia CP. Alimwomba CP abaki ukumbi mkuu dakika zote, ili anayekatikiwa na mtandao akirudi akute mtu. Naye akaanza kuzunguka, dakika 2 hapa, dakika 2 pale, akianzia chumba cha mwisho kwenye orodha.

Kazi aliyowapa nayo ilibadilika. Mwaka 1971 huko Austin, Texas, shule zilikuwa ndiyo kwanza zimechanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Meksiko, na watoto hao walikuwa wanaogopana na kuchukiana waziwazi. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake walilikata somo vipande, kila mtoto akapewa kipande ambacho wenzake hawana, na hakuna aliyeweza kufaulu mtihani bila kumsikiliza mwenzake. Mwalimu wetu alifanya hivyo hivyo: mmoja ashike sheria ya 1973, mmoja mila, mmoja cheti cha mtu wa mjini, mmoja maneno ya mjane. Mtu mwenye kipande chake haombwi maoni yake juu ya watawala. Anaombwa kueleza alichokisoma. Anayeogopa anapata la kusema ambalo halimponzi, na aliyezoea kutawala mazungumzo analazimika kunyamaza kidogo, kwa sababu vipande vitatu hana. Hata hivyo tusisahau kwamba darasa la Texas lilikuwa na mwalimu anayetembea kati ya meza na kuona nani anadhihakiwa. Kukata somo vipande halafu kuondoka ni kurudi kule kule.

Swali la tatu aliliondoa vyumbani. Hakulifuta, maana ni swali la haki na wanasheria wa Kivu watalijibu maisha yao yote. Aliwaambia wanaotaka waliandikie wenyewe, wakati wanaoona unafaa, bila tarehe ya mwisho na bila alama. Naona hapa alikuwa na hekima kuliko mahali pengine popote katika kisa hiki. Kuna mambo ambayo hayapelekwi chumba chochote chenye kiungo kinachoweza kutumwa kwa mtu mwingine.

Na kwa watu 4 wa Kadutu ambao mega ziliwashinda aliacha video kabisa. Walikuwa wanampelekea ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, dakika 3 kila mmoja, wakiusikiliza wa mwenzao na kuujibu walipopata mtandao. Mmoja wao, ambaye muhula uliopita alikuwa na 1 kati ya 5, alituma maelezo juu ya bwasa ambayo mwalimu alilisikilizisha darasa zima.

Wakuu wa vitivo vya Bukavu, nanyi mnaoufundisha mji huo mkiwa Bujumbura, Kampala, Kinshasa au Brussels: leo jioni hesabuni majina ya wasiohudhuria kwenye orodha ya mahudhurio, kisha hesabuni washiriki wasio na jina kwenye darasa lenu la wiki iliyopita, na mkikuta hesabu zinalingana, mpigieni mtu simu. Kama hamwezi kuingia vyumba 6, fungueni 3. Na zile alama za ushiriki katika vyumba ambavyo hamkuingia, zifuteni kabla baraza halijakaa.